Tuna Mwadui, tuna kinywe (grafiti) Mahenge: kwa nini kila bleidi ya kukatia granaiti hapa Dodoma inatoka nje?

FundiJiwe_Nala (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Niko Nala, kazi yangu ni kukata mawe: kaunta za jiko, ngazi, vizingiti vya madirisha, na siku hizi mawe ya kupamba kuta za nje. Tangu serikali ihamie huku kazi haijakauka, kuanzia Mtumba mpaka Ihumwa. Jiwe si shida, Dodoma ukigeuka kulia jiwe, kushoto jiwe. Kinachonimaliza ni bleidi.

Bleidi ninayotumia ni ya milimita 350, ya maji, yenye meno ya almasi. Za China ndizo zimejaa, za Korea zipo, za Italia bei yake unaiuliza ukiwa umekaa. Nimepanga maboksi mezani nikasoma yanakotoka. Hakuna hata moja la Afrika Mashariki.

Swali langu ni hili. Mwadui tunachimba almasi tangu enzi za Mwingereza. Zile chafu zisizofaa kwenye pete si zingetosha kukata mawe? Na kama ni kweli almasi inatengenezwa kiwandani kutokana na kinywe, basi Mahenge kinywe kipo cha kumwaga. Tunakwama wapi? Wajuzi shusheni nondo. Wanasiasa mpumzike kidogo.

kobe_wa_bahi

Mbukwenyi! Nimeweka kigoda hapa mbele, waje.

Chilonwa_Original

Jibu liko wazi mkuu. Hawataki tuendelee. Malighafi yao ni sisi, soko lao ni sisi.

MzeeMwadui

Wanangu, nilikaa Mwadui miaka mingi upande wa kuchambua mawe, kwa hiyo hili la kwanza nalijibu mimi.

Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua lile bomba la mwamba wenye almasi mwaka 1940. Mwadui ilipata jina kwa mawe ya vito, si kwa takataka. Lile la waridi la karati 54.5 lilipatikana 1947 na Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Almasi ya kusaga, ile nyeusinyeusi iliyojaa nyufa, mama yake alikuwa Kongo, Bakwanga, ndiyo Mbuji-Mayi ya leo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya silaha vya Marekani na Uingereza vilinoa zana zake kwa almasi ya Kongo. Waliona hatari: mtambo wa vita unategemea mgodi mmoja ulio mbali, meli ikizamishwa kazi inasimama. Hofu hiyo ndiyo iliyowasukuma kuitafuta njia ya kuitengeneza wenyewe.

Wakaipata. Leo zaidi ya asilimia 99 ya almasi inayotumika viwandani duniani haikuchimbwa, imetengenezwa. Kwa hiyo hata Mwadui wakikupa takataka zao zote, bei ya unga wa kiwandani itazishinda, na ubora hautakuwa sawa. Punje ya kiwandani inapangwa umbo na ugumu wake tangu mwanzo. Ya kuchimbwa unapokea ilivyo.

FundiJiwe_Nala

Shikamoo mzee. Asante, hapo kwenye Kongo nilikuwa sijui kabisa.

MzeeMwadui

Marahaba mwanangu.

Zhengzhou_Mbongo

Habari za leo wakuu. Nilisomea uhandisi wa vifaa Zhengzhou, mkoa wa Henan. Mji ule na miji inayouzunguka ndiyo makao makuu ya kitu hiki duniani. China inatoa zaidi ya asilimia 90 ya almasi ya viwandani. Ngoja nieleze ilifikaje huko, kwa sababu Chilonwa anadhani kuna kikao kilikaa kutunyima.

Kanuni yenyewe ni fupi. Unachukua unga wa kinywe safi sana, unachanganya na unga wa chuma na nikeli, unabana kwa mgandamizo wa zaidi ya mara 50,000 ya hewa tunayopumua, kwenye joto la nyuzi 1,300 hadi 1,600. Metali inayeyuka, kaboni inayeyukia ndani yake, kisha inatoka upande wa pili ikiwa almasi. Kwa punje za kukatia, ni suala la dakika.

Wa kwanza walikuwa Wasweden wa kampuni ya ASEA, Februari 1953. Wakakaa kimya. Walitaka kwanza wapate mawe makubwa, hawakutangaza wala hawakusajili hati ya ubunifu. Desemba 1954 Tracy Hall wa General Electric kule Schenectady, New York, akaipata, na mapema 1955 kampuni ikatangazia dunia. Sweden ikabaki na hadithi. Mwaka 1957 mwenzake Hall, Robert Wentorf, akatengeneza boroni nitridi ya mchemraba, kitu cha pili kwa ugumu kinachouzwa madukani, ambacho hata hakipo ardhini kwa namna ya kuchimbika.

Sasa sikilizeni utamu. Hall aliondoka GE akaenda kufundisha chuo kikuu Utah. Serikali ya Marekani ilikuwa imeifungia siri presi yake ya mwanzo, yaani mashine ya kubania, hata yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuitumia. Akafanyaje? Akabuni nyingine tofauti, yenye fuawe nne zinazokutana katikati. Ukoo huo wa presi za fuawe nyingi ndio ulioendelea hadi fuawe sita. Wachina walipata almasi yao ya kwanza mwaka 1963, kisha wakaichukua presi ya fuawe sita wakaifanya nafuu, rahisi kurekebisha, wakajenga maelfu kwa maelfu. Kiev nako taasisi ya Valentin Bakul ilianza 1961 na mpaka leo kitu chake ni vifaa vigumu kupindukia. De Beers hawakulala, walijenga Afrika Kusini na Shannon kule Ireland, leo inaitwa Element Six. Korea wakaja na Iljin. Wajapani nao wana yao: mwaka 2003 Tetsuo Irifune wa Chuo Kikuu cha Ehime alitoa almasi ya punje ndogo mno zilizoshikana bila metali yoyote, na Sumitomo wakaigeuza kuwa bidhaa.

Kila aliyefungiwa mlango alitoboa wake. Siri haikumzuia mtu zaidi ya miaka michache.

Chilonwa_Original

Umejijibu mwenyewe mkuu. Kinywe tunacho, nikeli ipo Kabanga, chuma kipo Liganga, umeme wa Bwawa la Nyerere megawati 2,115. Tuagize hizo presi kumi tuanze. Nala kuna viwanja vya viwanda.

Zhengzhou_Mbongo

@Chilonwa_Original ndugu yangu, punguza mwendo.

Kwanza, presi zenyewe. Agosti 2024 China ilitangaza kwamba presi za fuawe sita hazitoki nje bila leseni, ikaanza kutekeleza Septemba. Oktoba 2025 ikaongeza orodha: unga wa almasi, waya za kukatia, mawe ya kunolea ya aina fulani. Novemba mwaka huohuo, baada ya mazungumzo na Marekani, ikasimamisha hilo la Oktoba kwa mwaka mmoja. Umeona mchezo? Ni ule ule wa Marekani ya miaka ya 50, umebadilisha jezi tu.

Pili, fuawe. Ni vipande vizito vya tangisteni kabaidi, vinapasuka, vinabadilishwa. Tangisteni nayo anayeongoza kuchimba ni China.

Tatu, na hili ndilo kubwa: unga wa almasi wa daraja la kawaida unauzwa senti chache za dola kwa karati. Wenye maelfu ya presi wanalia faida imekwisha. Kinywe cha Mahenge kina soko zuri zaidi kwenye betri. Ukianza leo na presi kumi utakuwa unauza hasara kwa uzalendo.

Chilonwa_Original

Bado nasema tunapangiwa. Lakini endelea.

kobe_wa_bahi

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Nina diski ya vigae, ya almasi. Naweza kukatia nondo? Kama almasi ni ngumu kuliko vyote si itaivua kama muhogo?

Zhengzhou_Mbongo

Usifanye hivyo. Ugumu siyo kila kitu. Almasi ni kaboni, na chuma cha moto kinaipenda kaboni mno, kinainyonya. Ncha ya almasi kwenye chuma kilichopata moto inaliwa kwa kemia, siyo kwa msuguano. Ndiyo maana chuma kigumu viwandani kinanolewa kwa ile boroni nitridi ya Wentorf. Zipo diski za almasi zilizotengenezwa maalumu kwa metali, ila hiyo ya vigae siyo. Nondo nunua diski yake ya kawaida.

Da_Neema_Hadwea

Na mimi niseme maana duka langu ndilo linalolaumiwa. Mteja anakuja: "Dada, nipe ile kali kuliko zote." Namuuliza unakata nini, anasema jiwe. Jiwe gani? Anacheka. Wiki ijayo karudi amefura kwamba nimempa mbovu.

Jamani someni maandishi ya kwenye diski. Ya milimita 230 nyingi zimeandikwa mwisho mizunguko 6,600 kwa dakika, ni mwendo wa mita 80 kwa sekunde pembeni. Grinda ndogo ya 115 inazunguka mpaka 11,000. Kuna mafundi wanavua gadi ya grinda ndogo ili diski kubwa iingie! Jino likichomoka kwa mwendo huo ni risasi. Tafuteni pia namba EN 13236, ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa vifaa hivi vya almasi. Haimaanishi bleidi itakata vizuri, inamaanisha mtengenezaji anadai imepimwa isikupasukie usoni. Na kuna wanaochapisha namba hiyo bure, kwa hiyo nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Mchorongaji_Singida

Dada Neema umegusa penyewe. Mimi nachoronga kutafuta dhahabu, Ikungi na Manyoni, natoa kori (vipande virefu vya mwamba vya sampuli), na kila siku nakula na biti za almasi. Hakuna "kali kuliko zote". Hilo likiingia kichwani umeokoa nusu ya hela yako.

Jino la bleidi au biti ni punje za almasi zilizotawanywa ndani ya metali. Punje ya juu inakata mpaka inachoka na kuvunjika. Ili punje ya chini yake itokeze, metali inayoishika lazima iliwe. Nani anaila? Jiwe lenyewe, kwa vumbi lake.

Sasa granaiti ngumu yenye punje zilizobana, vumbi lake ni jembamba, halili metali sana. Ukiweka metali ngumu, almasi za juu zinakwisha makali na mpya hazitokezi. Uso wa biti unang'aa, unasukuma haiendi, unaongeza nguvu, unaunguza. Kwa hiyo jiwe gumu linataka metali LAINI. Jiwe la mchanga, zege bichi, lami, hivyo vinakwangua metali haraka mno, vinataka metali NGUMU, la sivyo bleidi inaisha kabla ya saa sita mchana. Watu wengi wanafanya kinyume: jiwe gumu, "nipe ngumu".

Ndiyo sababu kampuni za biti zinauza kwa namba za metali. Kwenye mtambo tunakaa na aina kadhaa, mwamba ukibadilika tunapandisha biti nyingine. Kwenye granaiti ya huku katikati, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, sehemu ya juu iliyooza unatumia ngumu, ukigonga mwamba mzima chini unahamia laini. Shimo moja, mawe mawili.

Bleidi ikianza kung'aa usiitupe. Kata tofali la mchanga na saruji mara chache, pole pole. Mchanga utakula metali, almasi zitatokeza tena.

FundiJiwe_Nala

Mchorongaji, Mungu akupe maisha marefu. Hii inaeleza kitu nilichokiona muda wote bila kukipatia jibu. Jiwe la waridi lenye chembe kubwa ninalotoa upande mmoja, bleidi ya China ya bei ya chini inapita vizuri. Jiwe la kijivu lenye chembe ndogo, bleidi hiyohiyo inalia na kung'aa. Ya Korea ni kinyume. Nilidhani ni bahati ya boksi.

Kwa hiyo shida siyo almasi kabisa. Ni hiyo metali, na aliyeichanganya alikuwa anafikiria jiwe la kwao.

Zhengzhou_Mbongo

Umefika. Na hapo ndipo ninapoona nafasi yetu.

Tupige hesabu. Kwenye biashara hii, konsentresheni 100 ni karati 4.4 za almasi kwa kila sentimita moja ya ujazo, yaani robo ya ujazo wa jino. Chukua konsentresheni 25, karati 1.1. Jino la sentimita 4 kwa 1 kwa milimita 3 ni ujazo wa 1.2, basi karati 1.3 hivi. Bleidi yenye meno 24 ina karati kama 32. Kwa unga wa kawaida, almasi yote ya bleidi yako haifiki bei ya kilo moja ya nyama. Kinachobaki kwenye bei ni metali, diski ya chuma, kazi, nauli, kodi, na ujuzi wa mchanganyiko.

Huo ujuzi haufungwi kwa leseni ya mtu. Meno yanatengenezwa kwa kubana unga wa metali na almasi ndani ya kalibu ya kinywe, kwenye nyuzi 700 hadi 900. Mashine yake ni ndogo, inakaa kwenye karakana. Zamani metali ilikuwa kobalti tupu, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa kwa jirani zetu Kongo, ingawa inasafishwa mbali. Sasa wapo wenye unga uliochanganywa tayari wa chuma, shaba na kobalti kidogo: Umicore wa Ubelgiji, na Wachina wengi. Wanakuuzia unga pamoja na ushauri wa kuuchoma, maana ni soko lao.

Ila usianzie hata hapo. Anza na kubadilisha meno. Diski ya chuma ya bleidi yako kubwa haifi meno yanapokwisha. Unayang'oa, unanyoosha diski, unachomelea mapya kwa waya wa fedha. Italia na India ni biashara ya kila mtaa wenye mawe. Unaagiza meno ya metali tofauti tano, unayajaribu kwenye jiwe la Dodoma, unaandika. Angalizo: meno ya waya wa fedha ni ya kukata kwa maji tu. Yakipata moto mkali fedha inalegea, jino linaruka. Za kukata pakavu huchomelewa kwa leza, hizo usiguse.

Ushirikiano wa kimataifa ninaouelewa mimi ni huo. Siyo kusaini makubaliano mbele ya kamera. Ni kumwandikia muuza meno: jiwe langu lina kwatzi (yale madini magumu ya kwenye granaiti) kiasi hiki, chembe zake kiasi hiki, nipe metali inayofaa. Ukiandika hivyo anakujibu mhandisi. Ukiandika "nipe bei" anakujibu karani.

Chilonwa_Original

Hili la kubadilisha meno nimelielewa. Kwa mtaji gani lakini?

Zhengzhou_Mbongo

Mashine ya kuchomelea meno kwa umeme wa masafa ya juu ni ndogo, siyo presi. Bei siwezi kutaja ya kubuni, omba za wauzaji watatu ulinganishe. Mafundi wa kuchomelea tunao, VETA wanatoa kila mwaka.

Muuguzi_Mpwapwa

Naomba niongee kama mtu anayepokea wagonjwa. Hilo vumbi jembamba mnalolisifia kwamba halili metali, linakula mapafu. Vumbi la kwatzi likishaingia ndani kabisa linaacha makovu, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Pia linamwongezea mtu hatari ya kifua kikuu. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii. Kateni kwa maji. Na vijana wanaofagia karakana wakifagia pakavu ni kazi bure.

FundiJiwe_Nala

Muuguzi asante. Hapa kwangu tunakata kwa maji, lakini maji ya Dodoma unayajua mwenyewe. Nimechimba mashimo matatu yanayofuatana: maji machafu yanaingia la kwanza, tope linatuama, ya juu yanamwagikia la pili, la tatu yanarudi kwenye mashine kwa pampu. Ninaongeza ndoo chache tu kwa siku. Tope likikauka usiliache upepo wa Agosti ulichukue, tunalichanganya kwenye matofali likiwa bado bichi.

Mchorongaji_Singida

Na hayo maji yaliyotuama ndiyo yanafaa. Yakirudi na tope zito yanasugua metali mpaka meno yanachongoka pembeni. Kwetu ni vilevile.

MwanaJiolojia_UDOM

Wakuu, nimesoma uzi mzima, sasa nichangie. Nasoma jiolojia mwaka wa mwisho hapa UDOM na natafuta kazi ya mradi.

Anachosema kaka wa Zhengzhou kinapimika. Kwanza unakata kipande chembamba cha jiwe, unakitazama kwa hadubini, unahesabu madini yake, yaani kwatzi, feldispa na mika, na ukubwa wa chembe. Pili kuna kipimo cha Cerchar, cha Wafaransa: pini ya chuma yenye ncha kali inaburutwa milimita 10 juu ya jiwe ikiwa imebebeshwa uzito wa nyutoni 70, kisha unapima ncha imelika kiasi gani. Kila sehemu ya kumi ya milimita ni alama moja. Tatu, kipimo cha kubana jiwe mpaka lipasuke. Ukiwa na hivyo vitatu mtengenezaji yeyote wa meno, awe Henan au Italia, anakuelewa bila kuliona jiwe. GST, wale wa Taasisi ya Jiolojia, ofisi zao na maabara ziko hapahapa Dodoma, na ramani za miamba wanazo.

Nikipata mawe ya aina nne au tano yanayokatwa kweli sokoni, na fundi akaniandikia bleidi ipi imekata mita ngapi za mraba kwenye kila jiwe, nina mradi.

Da_Neema_Hadwea

Ukimaliza niletee hiyo karatasi niibandike dukani. Nitaagiza kwa kufuata jiwe, nimechoka kugombana.

FundiJiwe_Nala

@MwanaJiolojia_UDOM mimi nina matano: la waridi, la kijivu, lile lenye mistari meusi, na mawili ambayo wateja wanaleta kutoka upande wa Kongwa. Bleidi ninazo za aina nne, na kila kazi huwa naipima kwa mita kwa ajili ya ankara, kwa hiyo takwimu zitapatikana. Unataka vipande vya ukubwa gani?

MwanaJiolojia_UDOM

Sentimita 20 kwa 20, unene angalau 10. Jiwe zima, lisiwe limeoza wala kupigwa baruti, kwa sababu nyufa zitanidanganya kwenye kubana. Na kila kimoja kiwe na alama ya rangi upande uliokuwa juu mwambani, kama mistari ya jiwe imelala upande mmoja matokeo yanabadilika.

FundiJiwe_Nala

La mistari ndilo hilo hasa, likikatwa kwa kufuata mistari linapita, ukilivuka linakaza. Basi nitakukatia viwili vya hilo, pande zote mbili. Njoo Jumamosi na gari, siyo bodaboda.